Nani Anakusahihisha Ukishatoka Msikitini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh zangu, walimu wa madrasa, maimamu vijana ambao baadhi yenu mmeanza kusalisha mwaka huu, mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya pazia: nimeombwa nizungumzie malezi ya nafsi, na katika milango yake mingi nimechagua mmoja, nao ni kukubali kusahihishwa. Nimeuchagua kwa sababu ni mlango tunaousoma sana na kuupita mara chache. Aya zake tunazijua, hadithi zake tunazifundisha watoto, kisha mtu akituambia neno moja barazani tunanuniana naye hadi Idi.

Nianze na hadithi ya Abu Huraira, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimfikie, aliwasalisha Maswahaba sala mojawapo ya mchana, Adhuhuri au Alasiri. Akasali rakaa mbili, akatoa salamu. Akainuka, akaenda kuegemea ubao uliokuwa msikitini, na uso wake ukionekana kama wa mtu aliyekasirika. Wenye haraka wakatoka mlangoni wakiulizana kama sala imepunguzwa. Waliobaki ndani walikuwamo Abubakar na Umar, na wote wawili walimchelea, hawakumsemesha. Akasimama mtu mmoja mwenye mikono mirefu, watu wakimwita Dhul-Yadayn, akauliza: Ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, umesahau au sala imepunguzwa? Mtume akamjibu kwamba hakusahau, wala sala haikupunguzwa. Yule bwana hakurudi nyuma. Akasema, bali umesahau. Mtume akawageukia waliokuwapo: ni kama asemavyo Dhul-Yadayn? Wakasema, ndiyo. Akarudi mbele, akakamilisha rakaa alizoziacha, akasujudu sijida mbili za kusahau.

Hadithi hii tukiisoma kwenye fiqhi tunatoka na hukumu ya sijida, na ni sawa. Leo nataka tuitazame kwa jicho la malezi. Aliyekosolewa ni mbora wa viumbe. Waliokuwa karibu naye zaidi walinyamaza kwa haya. Aliyesema ni mtu ambaye jina lake wengi wetu hatulijui, tunamjua kwa mikono yake. Alisema mbele ya watu, muda mfupi baada ya sala, wakati uso wa Mtume ukiashiria kwamba si saa ya mazungumzo. Na jibu la kwanza alilopewa lilikuwa la kumkatalia, kwa kuwa Mtume alisema kile alichokuwa na yakini nacho. Kisha tazameni hatua iliyofuata: aliuliza wengine. Hakutegemea kumbukumbu yake peke yake, wala hakumuuliza Dhul-Yadayn amepata wapi ujasiri huo. Aliuliza kama ni kweli. Ilipothibitika, alirudi kwenye kibla.

Katika riwaya ya Ibn Mas'ud, Mtume amesema kwamba yeye ni mwanadamu, husahau kama tunavyosahau, na akisahau akumbushwe. Maneno haya ni amri. Umma umepewa kazi ya kumkumbusha imamu wake, na imamu amepewa kazi ya kukumbushika.

Ndiyo maana sala yetu imejengwa hivi ilivyojengwa. Imamu akikosea kitendo, maamuma mwanamume husema Subhanallah, na mwanamke hupiga kofi. Yaani hata yule mama aliye safu ya mwisho kabisa, ambaye imamu hamwoni, hamjui, na pengine hajawahi kusikia sauti yake, ana haki kisheria ya kumsimamisha imamu katikati ya ibada. Haki hiyo hakupewa na kamati ya msikiti. Alipewa na Mtume.

Na katika kisomo ni vivyo hivyo. Mahafidh mliopo mnaijua Surat al-Baqara ilivyo na mitego. Aya ya 48 na aya ya 123 zinaanza kwa maneno yale yale, iogopeni siku ambayo nafsi haitaifaa nafsi nyingine kitu, kisha zinaachana: ya kwanza inatanguliza uombezi ndipo fidia, ya pili inatanguliza fidia ndipo uombezi. Usiku wa kwanza wa tarawehe imamu yuko aya ya 48, ulimi unateleza kwenye njia ya 123, na akiendelea atakuwa ameruka aya 75 na kuangukia kwa Nabii Ibrahim kabla hajapita kwa Bani Israili. Hapo husikika sauti kutoka safu ya kwanza, mara nyingi ya kijana mdogo kuliko imamu, wakati mwingine ni mwanafunzi wake mwenyewe aliyemfundisha herufi. Kijana anasoma kipande kilichokosewa, kwa sauti ya wastani, mara moja. Imamu ananyamaza kidogo, anarudi nyuma, anakichukua kile kipande kama alivyopewa, anaendelea.

Tazameni vitu ambavyo imamu hawezi kuvifanya pale. Hawezi kugeuka kumwona aliyemfungulia. Hawezi kujitetea kwamba leo ana mafua. Hawezi kuuliza, wewe umehifadhi juzuu ngapi? Hawezi hata kusema ahsante. Kinachowezekana ni kimoja tu, kurudi kwenye maneno ya Mwenyezi Mungu kama yalivyoteremshwa. Na jamaa wote wamesikia. Baada ya sala hakuna anayesema imamu ameaibika. Wanasema kisomo kimenyooka.

Swali langu kwenu usiku huu ni hilo nililoliweka kichwani: ukishatoka msikitini, ukavaa viatu, nani anakusahihisha? Kwa sababu mtu yule yule aliyepokea marekebisho ya kijana wa miaka 15 akiwa mihrabuni, akiambiwa nyumbani na mkewe kwamba jana alimsema vibaya jirani, anapandwa na hasira hadi sauti inafika barabarani. Ndani ya sala alikubali kwa kuwa kanuni imemfunga ulimi. Nje ya sala ulimi uko huru, na ndipo inapojulikana kilichomo moyoni.

Mtume alieleza kibri kwa maneno ambayo Imam Muslim ameyapokea kutoka kwa Ibn Mas'ud: kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Swahaba mmoja alikuwa ameuliza kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, akidhani huenda hicho ndicho kibri. Akaambiwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri. Kwa hiyo usikitafute kibri kwenye kanzu ya mtu wala kwenye gari lake. Kitafute pale haki inapomfikia kupitia mdomo asioupenda. Vile vipande viwili vya hadithi vinatembea pamoja: tunaikataa haki kwa sababu tunamdharau aliyeileta. Angeileta sheikh mkubwa tungesema jazakallah kheri. Ameileta muuza mahamri, tunamuuliza amesoma wapi.

Na hili lina historia ndefu kuliko binadamu duniani. Adam, amani imshukie, alikosea. Iblis alikosea. Adam na mkewe walipoulizwa walisema, Mola wetu tumezidhulumu nafsi zetu. Iblis alipoulizwa alitoa hoja: mimi ni bora kuliko yeye, umeniumba kwa moto naye umemuumba kwa udongo. Mimi huwa nasimama sana kwenye jibu hili la Iblis kila nikilifikia katika Surat al-A'raf, kwa sababu ndani yake kuna ukweli wa nusu. Ni kweli aliumbwa kwa moto, ni kweli Adam aliumbwa kwa udongo. Hoja zetu tukikosolewa ndivyo zilivyo: huwa zina ukweli ndani yake. Ni kweli nilikuwa nimechoka. Ni kweli na yeye alinianza. Ni kweli aliyenisema ana makosa makubwa kuliko yangu. Yote kweli, na hakuna hata moja linalojibu swali lililoulizwa.

Sasa nataka tukae zaidi kwenye Surat Abasa, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo malezi haya yamewekwa wazi hivi. Mtume yuko Makka, amekaa na wakubwa wa Makureshi, anatamani wasilimu, maana wakisilimu wao watu wengi watafuata. Anakuja Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, Mwislamu tayari, anaomba afundishwe. Anakatiza mazungumzo, naye haoni kwamba kuna wageni wakubwa. Mtume akakunja uso na kugeuka. Zikateremka aya: alikunja uso na akageuka, kwa kuwa alimjia kipofu.

Fikirini jambo hili. Aliyekunjiwa uso hakuuona uso. Hakukuwa na neno baya lililosemwa, hakukuwa na kelele, wala kipofu hakwenda kulalamika kwa mtu. Kwa hesabu zetu hapo hakuna kesi. Nia ilikuwa njema, mkutano ulikuwa wa dini, muda ulikuwa mgumu. Lakini Mola wake alimlea hata kwenye mkunjo wa paji la uso ambao mwenye kukunjiwa hakuuona. Na marekebisho hayo hayakubaki siri baina ya Mola na Mtume wake. Yamewekwa ndani ya Qur'ani, yanasomwa katika sala, watoto wetu wanayahifadhi wakiwa na miaka sita kwenye Juzuu Amma kabla hawajajua maana yake. Na aliyeyafikisha kwa watu ni Mtume mwenyewe, kwa ulimi wake, bila kupunguza herufi. Mtu anayetafuta dalili ya ukweli wa utume na aitazame sura hii. Nani kati yetu akipewa barua ya kukosolewa angeisimamisha umma mzima uihifadhi?

Na baada ya hapo? Ibn Ummi Maktum akawa mwadhini wa Mtume Madina pamoja na Bilal. Katika mwezi wa Ramadhani watu waliambiwa waendelee kula na kunywa mpaka waisikie adhana yake. Mtume aliposafiri, zipo safari alizomwacha yeye Madina awasalishe watu. Kipofu aliyekatiza mkutano wa wakubwa akawa ndiye anayesimama mahali pa Mtume. Marekebisho yaliyopokelewa vizuri hubadilisha nafasi ya watu. Yule uliyempuuza anasogea mbele, na moyo wako unapata macho uliyokuwa huna. Hapo ndipo ukuaji wa ndani unapoonekana, kwenye namna unavyomtendea mtu yule yule mwaka unaofuata.

Umar bin al-Khattab alilishika somo hili kwa mikono miwili. Imepokewa kwamba alikuwa akimwombea rehema mtu anayempelekea aibu zake kama zawadi. Zawadi! Na hakungoja iletwe. Alimwendea Salman al-Farisi, akamuuliza: umesikia nini kunihusu ambacho hukukipenda? Salman akaomba udhuru asijibu. Umar akamng'ang'ania. Hatimaye Salman akasema: nimesikia kwamba umekusanya vitoweo viwili kwenye meza moja, na kwamba una nguo mbili, moja ya mchana na nyingine ya usiku. Umar akauliza, umesikia kingine? Akasema, hapana. Umar akamwambia, haya mawili usiwe na shaka, nimeyaacha.

Sikilizeni ukubwa wa kosa: vitoweo viwili, na nguo ya kubadilisha. Mtawala wa Sham, Iraq na Misri anaambiwa kuhusu mchuzi wake. Hakusema hayo ni mambo ya nyumbani kwangu. Na alikuwa akimwendea Hudhaifa, aliyepewa na Mtume siri ya majina ya wanafiki, akimuuliza kama naye jina lake limo. Huyu ni mtu aliyebashiriwa Pepo. Tunapenda kusimulia uadilifu wa Umar katika hukumu, na ni haki tuusimulie, ila naona chanzo chake kiko hapa: alikuwa akiutafuta ukweli kuhusu yeye mwenyewe kwa watu, akiulipia kwa kuushusha uso wake.

Kabla yake Abubakar, siku aliyopewa bai'a, yaani ahadi ya utii, mwaka wa 11 Hijria, yaani 632, aliwaambia watu: nimetawalishwa juu yenu na mimi si mbora wenu, nikifanya vyema nisaidieni, nikikosea ninyoosheni. Maneno hayo ningependa yasomwe kwenye kila mkutano wa kamati ya msikiti kabla ya kufungua ajenda ya mapato na matumizi.

Nikija kwa wanazuoni, aliyelipanga jambo hili vizuri zaidi kwa nilivyosoma ni Imam Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 1058. Na nataka mjue alikotoka kabla ya kumsikiliza. Mwaka 1091 alipewa kiti cha kufundisha katika chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, cheo ambacho katika zama zile hakikuwa na kifani. Anaeleza mwenyewe kwamba alikuwa na wanafunzi 300. Kisha akaanza kuikagua nia yake katika kufundisha, akaikuta haikuwa safi kwa Mwenyezi Mungu. Kilichokuwa kikimsukuma ni kutafuta jaha, yaani cheo mbele ya watu, na kuenea jina. Akawa asubuhi ana azma ya kuondoka, jioni jeshi la matamanio linamvunja azma. Miezi ikapita hivyo, mpaka mwaka 1095 ulimi wake ukafungika, akawa anakaa darasani hawezi kutamka neno. Akaondoka, akaenda Damascus, akakaa karibu miaka miwili, kisha Quds, kisha Hijaz.

Wakati huo watu wa Iraq walimlaumu. Hakuna aliyedhani mtu anaweza kuacha kiti kile kwa sababu ya dini, kwa kuwa wao walikihesabu kuwa ndicho kilele cha dini. Walimu wangu, hii ni hatari ya kazi yetu. Anayesomesha huzungukwa na watu wanaomwona amefika. Wanafunzi humbusu mkono, waumini humwachia nafasi ya mbele, na anaweza kukaa miaka ishirini bila mtu mmoja kumwambia, sheikh, siku hizi umekuwa mkali, sheikh, ile hadithi uliyoitoa Ijumaa si sahihi. Ghazali aliyempigia kengele ni ulimi wake mwenyewe kufungwa.

Mtu aliyepita huko ndiye aliyetuandikia kwamba mwenye kutaka kuzijua aibu za nafsi yake ana njia nne. Ya kwanza, kukaa mbele ya sheikh mwenye uoni wa maradhi ya moyo. Ya pili, rafiki mkweli wa dini amweke awe mlinzi juu ya hali zake. Ya tatu, kuzisikiliza ndimi za maadui zake. Ya nne, kuchanganyika na watu, na kila analoliona baya kwa mwingine alitafute kwanza ndani yake.

Ya kwanza na ya pili naye mwenyewe alilalamika kwamba katika zama zake zilikuwa zimeadimika. Marafiki, anasema, hawatoki katika mafungu mawili: mwenye husuda anayeona aibu pasipo aibu, au mwenye kukupaka mafuta anayekuficha baadhi ya aibu zako. Na hapo ndipo anapotoa mfano wake maarufu. Tabia mbaya ni nyoka na nge wanaouma. Mtu akituambia kuna nge chini ya nguo yako, tutamshukuru, tutafurahi, tutashughulika kumtoa nge na kumuua; na madhara ya nge ni ya mwili, maumivu yake hayazidi siku moja au pungufu. Tabia mbaya madhara yake ni ndani ya moyo na yanahofiwa kudumu baada ya mauti. Lakini anayetuonyesha hiyo hatumshukuru. Tunamgeukia yeye, tunamwambia, na wewe je, unafanya hivi na hivi, tunashughulika na uadui badala ya kumtoa nge.

Njia ya tatu ndiyo ngumu na mimi naona ndiyo iliyo karibu na kila mmoja wetu, maana sheikh wa kukulea unaweza ukamkosa, rafiki mkweli unaweza ukamkosa, lakini asiyekupenda humkosi. Ghazali anasema huenda mtu akanufaika na adui mwenye chuki anayemtajia aibu zake kuliko rafiki mwenye kumsifu na kumficha. Jicho la chuki halilali. Limekutazama wakati rafiki zako wamefumba. Sikwambii umpende, nakwambia akisema, pokea kile alichokisema ukitenganishe na alivyokisema. Kama alisema wewe ni bakhili, kaa peke yako baada ya Isha, zihesabu sadaka zako za mwaka. Ukimkuta ni mwongo, hujapoteza. Ukimkuta ni mkweli, umepata bure kitu ambacho marafiki wote walikunyima.

Nageukia jambo ambalo linaniuma, na naomba walimu wa madrasa mnisikilize kwa kifua kipana. Kwa nini watu wetu wazima wanaogopa kukosolewa kiasi hiki? Jibu moja, si la pekee, liko kwenye vyuo vyetu. Mtoto anasoma mbele ya mwalimu. Amechanganya sin na swad, au amevuta madda ya harakati mbili ikawa nne. Fimbo inashuka kabla herufi haijasahihishwa. Wenzake wanacheka. Mtoto yule anaondoka na mambo mawili: herufi, ambayo huenda akaisahau, na hofu, ambayo hataisahau. Akifika miaka arobaini, ukimwambia ndugu yangu hapa umekosea, mwili wake unajikunja kabla akili haijasikia. Anajitetea kama mtu anayekinga kiboko.

Muawiya bin al-Hakam as-Sulami alikuwa mgeni katika dini. Akasali nyuma ya Mtume, mtu mmoja akapiga chafya, Muawiya akasema kwa sauti ndani ya sala, Yarhamukallah. Watu wakamkazia macho. Akazidisha: mna nini mnanitazama? Wakawa wanapiga mapaja yao kumnyamazisha. Sala ilipokwisha Mtume alizungumza naye. Muawiya anasema hakuona mwalimu kabla yake wala baada yake aliye bora katika kufundisha. Wallahi hakunikemea, hakunipiga, wala hakunitukana. Alimwambia tu kwamba sala hii haifai ndani yake maneno ya watu, ni tasbihi, takbiri na kisomo cha Qur'ani. Kosa lilikuwa hadharani na lilirudiwa. Lililobaki kichwani mwa Muawiya, akalisimulia na kuliachia umma, ni uzuri wa mwalimu. Kila mtoto aliye mbele yenu kesho asubuhi mnamjengea namna atakavyopokea haki maisha yake yote. Chagueni anachokwenda kukisimulia.

Na sisi watu wazima tunaokosoana tuna fimbo yetu mpya, nayo ni simu. Mtu ameona kosa la imamu, anarekodi ujumbe wa sauti wa dakika saba, anautupa kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, kisha anasema nimetoa nasaha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Imam Shafi'i ananasibishiwa beti anazomwomba mwenye kumnasihi amfuate akiwa peke yake na amwepushe na nasaha ya mkusanyiko, kwa kuwa nasaha mbele ya watu ni aina ya karipio asiloridhia kulisikia. Nyumba ya imamu iko mitaa miwili kutoka kwako. Nenda, bisha hodi.

Yapo makosa ya jamii nzima yanayotaka kusemwa hadharani, hayo ni mlango mwingine. Hapa pwani Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alilifanya hilo kwa kalamu, Mombasa, kwa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiandika juu ya mila na mwenendo wa Waislamu wenzake kwa Kiswahili wanachokielewa. Mila haina uso wa kuvunjiwa. Mtu anao.

Kwa wenye ndoa, nasema neno moja. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaibiya, Mtume aliwaamrisha Maswahaba wachinje na wanyoe, na kwa uchungu wa mapatano na Makureshi hakuna aliyeinuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Bibi huyu akamshauri: toka, usiseme na mtu yeyote, mchinje mnyama wako, umwite kinyozi akunyoe. Akatoka akafanya kama alivyoambiwa, na watu wote wakainuka wakafuata. Mtume anayeteremshiwa wahyi alichukua rai ya mkewe siku ngumu kuliko siku nyingi, na akaitekeleza bila kubadilisha neno. Mume ambaye mkewe hawezi kumwambia kitu ajiulize anafuata sunna ya nani.

Nimalizie na swali ambalo nikitoa mazungumzo haya huulizwa kila mara: je, aliyenikosoa akiwa amenisingizia? Nilichoshutumiwa sikukifanya, nami najua sikukifanya. Hapo pia nikubali?

Usikubali uongo. Mtume alimwambia Dhul-Yadayn kile alichokiamini, na nawe una haki ya kusema, jambo hili sikulifanya, ukaeleza mara moja kwa utulivu. Ila ukishasema, kabla hujaanza kukusanya mashahidi na kupiga simu kwa nusu ya mji, chukua alilolisema Ghazali kwa mtu aliyeshutumiwa asilonalo: kama umesalimika na aibu hiyo, hukusalimika na aibu zinazofanana nayo, na alizokusitiri Mwenyezi Mungu ni nyingi zaidi. Aliyekusema amekosea anwani. Amegonga mlango usio na kitu, na akaipita milango ambayo angeigonga usingekuwa na la kusema. Mshukuru Mola wako kwamba hakumwonyesha hiyo mingine, kisha uiendee wewe mwenyewe usiku huo huo, maana wewe unaijua iliko.

Na siku watu watakapokusifu, hali ni hiyo hiyo, wanataja wasilolijua. Abubakar amepokewa kwamba alikuwa akisifiwa huomba dua hii, nami naiomba pamoja nanyi, itikieni amina:

Mola wetu, wewe unatujua zaidi ya tunavyojijua, nasi tunajijua zaidi ya wanavyotujua. Utujaalie tuwe bora kuliko wanavyotudhania, utusamehe wasiyoyajua, wala usituchukulie kwa wanayoyasema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.